Si Uzee Tu, Paka Anaumwa

Leo namzungumzia paka. Najua tayari kuna aliyeguna huko aliko: nchi ina mambo chungu nzima, huyu kakaa redioni anatuletea habari za nyau! Guna, lakini usizime. Nyumba nyingi zinazonisikia sasa hivi, Lamu na Unguja, Kisumu na Kigoma, zina paka chini ya meza anayengoja kichwa cha samaki. Baadhi ya paka hao wanaumwa viungo usiku na mchana, na wenye nyumba hawana habari.

Hawana habari kwa sababu kila badiliko la paka mwenye umri tunalijibu kwa jibu lilelile. Ameacha kupanda dirishani? Kazeeka. Analala mchana kutwa? Kazeeka. Panya amepita mbele yake, naye akamtazama tu? Huyo kazeeka, tutafute mwingine. Ukishasema kazeeka umefunga mjadala, maana uzee hauna dawa. Maumivu ya viungo yanatulizwa, na mengi ya yanayoyatuliza hayauzwi hata dukani. Hilo ndilo lililonileta leo, pamoja na jingine la kutisha kidogo linalohusu kopo la dawa ulilonalo kabatini.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Mwaka 2002 madaktari wa wanyama wa North Carolina, Marekani, walitangaza walichokiona walipozipitia picha za eksirei za paka 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 12. Paka 90 kati yao walikuwa na viungo vilivyoanza kuharibika. Unaweza kusema, haya, hao walikuwa vikongwe. Basi mwaka 2010 watafiti wa hukohuko wakatoa matokeo ya paka 100 wengine, safari hii wa umri wa kila namna, kuanzia wa miezi sita hadi wa miaka 20. Waliokutwa na alama za ugonjwa huo, walau mahali pamoja mwilini, walikuwa 92.

Sasa, nisikutie hofu bure. Picha ya mfupa haisemi kama mwenye mfupa anaumia. Wapo paka wenye picha mbaya wanaocheza vizuri tu, na wapo wenye picha ya wastani ambao kila hatua ni adhabu. Ila tarakimu hizo zinatosha kuliondoa wazo kwamba baridi yabisi ni ya bibi na babu peke yao.

Kiungo huharibikaje? Ukivunja paja la kuku ukaona kile kitu cheupe kinachong'aa mwishoni mwa mfupa, hicho ndicho gegedu. Kazi yake ni kuifanya mifupa iteleze bila kusagana. Likilika, utando unaozunguka kiungo unavimba, na mwili, katika kujaribu kujirekebisha, unaotesha vijifupa pembeni. Kwa paka, nyonga ndizo zinazoongoza kwa kuumia, kisha magoti, vifundo vya miguu ya nyuma na viwiko. Uti wa mgongo nao haubaki salama. Umri ndio mchochezi mkubwa. Kwa paka wetu wa mitaani na uani tuongeze na ajali. Yupo aliyegongwa na bodaboda, mfupa ukajiunga wenyewe ulivyotaka. Yupo aliyeanguka kutoka kwenye paa la bati, na yupo shume aliyeng'atwa kwenye kiungo katika ugomvi, kidonda kikatunga usaha. Kiungo kilichowahi kuumizwa hukumbuka, hata kama mwenyewe alipona akaendelea na maisha.

Swali ambalo watu huniuliza nikilianza jambo hili ni lile lile: mbona hachechemei? Mbwa akiumwa mguu utajua siku hiyohiyo, ataunyanyua, atalia, atakuja akuonyeshe. Paka kwa kawaida huumwa pande zote mbili kwa pamoja, nyonga ya kulia na ya kushoto, kiwiko hiki na kile. Sasa achechemee kwa mguu upi, auegemee upi? Isitoshe, paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake yeye naye huwindwa. Mnyama wa namna hiyo hafaidiki kwa kutangaza kwamba hawezi kukimbia. Kwa hiyo hasemi. Anachofanya ni kupunguza: anaacha hili, baadaye lile, polepole kiasi kwamba anayeishi naye kila siku ndiye wa mwisho kugundua.

Nina jirani, mama mtu mzima, mwenye paka jike wa mabaka. Nyumba yake ni ile ya kizamani yenye baraza la mawe, na paka yule tangu nimfahamu mahali pake ni juu ya baraza, pembeni mwa mlango, kwenye jua la asubuhi. Juzi nilikaa ng'ambo ya njia nikawa namtazama. Alifika chini ya baraza, akasimama. Akaangalia juu. Akainua miguu ya mbele akaiweka ukingoni, akabaki hivyo kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akajivuta kwa kucha, kiuno kikamfuata kwa shida. Baadaye akataka kushuka. Hakuruka. Aliteremsha miguu ya mbele ukutani, akainyoosha mpaka ikakaribia kugusa chini, ndipo akajiachia, na nikasikia kishindo. Kidogo tu, lakini paka mzima akitua husikii kitu.

Nikamwambia, "Bibi, huyu paka wako anaumwa."

Akanijibu, "Anaumwa nini, mwanangu, na kula anakula?"

Naam, kula anakula. Na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa sababu kipimo chetu cha afya ya mnyama ni sahani. Ng'ombe akiacha kula, daktari anaitwa. Kuku akiacha kula, anawahiwa kwa kisu. Paka mwenye maumivu ya viungo anaweza kula kama kawaida kwa miaka, ilimradi sahani iko chini na hahitaji kuirukia. Kwa ugonjwa huu tumbo halikupi habari yoyote. Zitafute kwenye mwendo wake.

Wale watafiti wa North Carolina mwaka 2020 walitoa maswali sita ambayo mwenye paka anaweza kujiuliza nyumbani, na nimeyapenda kwa sababu hayahitaji kifaa. Je, paka wako anaruka juu kama kawaida? Anaruka chini kama kawaida? Anapanda ngazi vizuri? Anashuka ngazi vizuri? Anakimbia? Anafukuza vitu vinavyokwenda, iwe panya, mjusi, au kizibo cha chupa kilichobiringizwa na mtoto? Jibu lolote la "hapana" ni sababu ya kutafuta daktari. Na usilinganishe na paka wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe alivyokuwa miaka miwili au mitatu iliyopita.

Kuna na mengine ambayo jicho la mtu wa nyumbani huyaona upesi likishaambiwa. Manyoya ya kiunoni na karibu na mkia yameshikana mafundomafundo au yana mba, kwa sababu hawezi tena kujigeuza akajilamba huko nyuma. Kucha zimerefuka, zinanasa kwenye mkeka na pazia, kwa sababu ameacha kuparura magogo. Alikuwa mpole, sasa watoto wakimbeba anang'ata. Mtoto anapigwa kwa kumchokoza paka, paka anapigwa kwa kumng'ata mtoto, na kumbe aliguswa nyonga inayowaka moto.

Na haja. Hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu ndilo linalowaponza paka wengi. Paka ni msafi kupita wapangaji wengine. Akianza kujisaidia sebuleni, wenye nyumba huchukulia kwamba amekuwa mtundu au amechanganyikiwa. Fikiria njia anayopitia kwenda haja. Pengine aruke dirisha, au ashuke ngazi za ghorofa nzima, au akanyage ukingo mrefu wa sanduku la mchanga, kisha achuchumae kwa nyonga mbovu. Siku maumivu yakizidi anaishia njiani, na njiani ni zulia lako. Nimeona paka mzee akitiwa guniani kwa kosa hilo, akaenda kumwagwa karibu na soko la samaki, eti atajitafutia. Atajitafutia vipi, na kuruka hawezi? Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sijasikia gunia la paka likifikishwa mbele ya hakimu, na wala sitegemei kusikia.

Sasa nakuja kwenye kabati la dawa. Msikilizaji, kama una kalamu, andika. Kama huna, mwite wa karibu naye asikie.

Mtu mwema, mwenye huruma, akishatambua kwamba paka wake anaumwa, mkono wake unakwenda kwenye kile anachokijua. Anachukua parasetamoli, anavunja robo, anaificha kwenye kipande cha samaki. Robo tu, kwa sababu paka ni mdogo. Robo hiyo inatosha kumuua. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500, na paka wetu wengi ni wa kilo tatu, nne. Kiasi cha miligramu 10 tu kwa kila kilo ya mwili kimewahi kumdhuru paka. Piga hesabu: kwa paka wa kilo nne hizo ni miligramu 40, kipande kisichofika hata sehemu moja ya kumi ya kidonge. Robo ni miligramu 125.

Chanzo chake ni ini. Ini la binadamu lina kimeng'enya kinachoishika dawa ile na kuifungasha itoke kwenye mkojo. Ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya hicho, kwa hiyo dawa inageuka sumu, na sumu inashambulia chembe nyekundu za damu. Damu inakuwa ya rangi ya kahawia, haiwezi tena kubeba oksijeni. Ndani ya saa chache ufizi unageuka wa kijivu au wa bluu, uso na nyayo vinavimba, paka anahema kwa mdomo. Dawa ya kupambana na sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, lakini ni ya kuwahiwa, hospitalini, tena saa za mwanzo. Kwa hiyo ikitokea paka amekula parasetamoli, usingoje kuona dalili wala usimnyweshe maziwa. Mbebe uende, na pakiti ya dawa uende nayo.

Ibuprofeni na diklofenaki zinamchimba tumbo na kumharibu figo. Aspirini, ambayo kwetu inamalizika mwilini kwa saa chache, kwa paka inaweza kuchukua siku nzima au zaidi hata nusu yake haijatoka, kwa hiyo anayempa asubuhi na jioni anamrundikia. Na usidhani ya kupaka ni salama kwa kuwa haimezwi. Paka humeza kila kitu kilicho juu ya manyoya yake, kwa ulimi. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya paka wa nyumba mbili kuugua, wengine wakafa, na hakuna aliyewapa dawa: wenye nyumba walikuwa wakijipaka wenyewe krimu ya maumivu yenye flurbiprofeni, paka wakawagusa. Kama unajichua goti kwa jeli kila usiku na paka analala mapajani mwako, funika goti, nawa mikono.

Kwa sisi wa pwani kuna na mafuta ya karafuu. Nayaheshimu sana, mgongo wangu unayajua. Kwa paka ni hatari, kwa sababu kemikali iliyomo ndani ya karafuu, ile inayotoa ukali wake, inahitaji kazi ileile ya ini ambayo paka hana. Balimu zenye kafuri na zile zenye harufu kali ya kuchua misuli ziingize humohumo. Na yule anayeniambia kitunguu saumu kimemponya magoti, hongera. Asimpe paka, kwani vitunguu vyote, saumu na maji, vinaharibu chembe za damu za paka, hata vikiwa vimepikwa kwenye mchuzi.

Baada ya kukataza yote hayo, niseme na yanayofaa.

Daktari wa wanyama anazo dawa za paka. Inayotumika zaidi ni meloksikamu ya maji, inayopimwa kwa uzito wa paka na kutolewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pamoja na chakula. Ulaya imeruhusiwa kwa matumizi ya muda mrefu kwa paka. Marekani wameiruhusu kwa paka kama sindano ya mara moja tu, na kwenye pakiti wakaweka onyo kali kuhusu figo. Dawa ni moja, tahadhari ndiyo iliyotofautiana, na kiini cha tofauti hiyo ni figo. Paka wazee wengi wana figo zilizochoka, kwa hiyo daktari mzuri atapima damu na mkojo kabla, na atataka kupima tena baadaye. Akikuandikia bila kuuliza paka anakunywa maji kiasi gani na kukojoa kiasi gani, muulize wewe.

Mambo ya kukumbuka ukishapewa: dozi usiiongeze kwa sababu leo anaonekana vibaya. Akiacha kula, akitapika au akiharisha, simamisha, piga simu. Usichanganye na dawa nyingine ya maumivu, wala na prednisoloni, bila daktari kujua. Na usiazime chupa ya mbwa. Meloksikamu ya mbwa kwa kawaida ina miligramu moja na nusu katika kila mililita, ya paka ina nusu miligramu. Ukitumia bomba lilelile umempa mara tatu. Muuza duka la dawa za mifugo anayevuta kutoka kwenye chupa ya ng'ombe na kukadiria kwa jicho, mshukuru, ondoka.

Kuna na dawa mpya, sindano ya mara moja kwa mwezi inayoitwa Solensia. Hii si kidonge cha kutuliza. Ni kingamwili iliyotengenezwa kumfaa paka, inayoikamata protini inayochochea mishipa ya fahamu ipeleke habari za maumivu. Ulaya iliidhinishwa mwaka 2021, Marekani Januari 2022, na kule Marekani ndiyo kingamwili ya aina yake ya kwanza kuidhinishwa na ile mamlaka ya chakula na dawa kwa mnyama yeyote. Faida yake ni kwamba mwili unaivunja kama unavyovunja protini nyingine, haizielemei figo kama dawa za kawaida. Uliza kama inapatikana ulipo. Madaktari hutumia pia gabapentini, hasa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kumtuliza paka kabla ya safari ya kliniki.

Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua kati ya dawa peke yake na nyumba iliyopangwa vizuri peke yake, kwa paka ambaye maumivu yake bado ni ya wastani ningeanza na nyumba. Pale anapopenda kukaa, weka kitu katikati ya njia: kreti la soda lililopinduliwa, kigoda, tofali mbili zilizofunikwa gunia, ili mruko mmoja uwe hatua mbili. Yule bibi wa jirani aliweka kinu chake cha zamani, kilichopasuka, chini ya baraza. Sasa paka anapanda kinu, kisha baraza. Sakafu ya saruji na marumaru ni baridi na inateleza. Tandika mkeka au kipande cha zulia kwenye njia yake, na mpe pa kulala palipo laini, pasipo na upepo, chini, asipopata shida kupafikia. Wa Lushoto, Njombe au Limuru, ambako baridi ya Julai inakata, mwekee chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kanga, isiwe ya kuunguza.

Sanduku la mchanga libadilishe. Chukua beseni pana la plastiki, likate upande mmoja ubaki ukingo wa vidole vitatu, lainisha pale ulipokata, tia mchanga laini. Kama nyumba ni ya ghorofa, beseni kila ghorofa. Utashangaa jinsi "utundu" wa sebuleni utakavyoisha bila kumpiga mtu.

Kucha zikate ncha tu, ile sehemu nyeupe. Ya waridi ina damu. Manyoya ya kiunoni mchane wewe kwa kitana, taratibu, kwa kuwa yeye hafiki. Mchezeshe pia, dakika chache, kamba ikiburutwa chini pasipo kumrusha juu. Kiungo kisichotumika kinakakamaa, na misuli ya mapaja ikiisha, kiungo kinabaki peke yake.

Uzito ni habari ya aina mbili. Paka wa ndani wa Nairobi na Dar es Salaam, wa vyakula vya pakiti, wanazidi kunenepa, na kila gramu inashuka kwenye nyonga ileile. Hao wapunguziwe, lakini polepole na kwa ushauri, kwa sababu paka mnene akifunga ghafla ini lake linajaa mafuta na anaweza kufa. Paka wa mtaa ana shida ya upande wa pili: amekonda, hana misuli ya kumsaidia. Huyo anahitaji nyama na samaki zaidi ya ugali uliochovywa mchuzi. Mafuta ya samaki yana asidi zinazosaidia kupunguza uvimbe wa viungo, na hapa dagaa wetu wana la kusema. Wachemshe bila chumvi. Wakiwa wa chumvi waloweke na kumwaga maji kwanza. Ila dagaa wasiwe chakula pekee siku zote, kwani samaki wa mafuta mengi peke yake humletea paka ugonjwa mwingine wa mafuta ya mwilini, wenye maumivu makali. Ule mchuzi mwepesi wa samaki, usio na chumvi wala kitunguu, ndiyo njia nzuri ya kumwongezea maji paka asiyependa kunywa.

Lipo jambo ambalo vitabu vya wenzetu havilitaji, kwa sababu kwao paka ana mwenyewe mmoja. Huku kwetu paka ana nyumba nne. Asubuhi yuko kwa Bi Fulani, mchana duka la nyama, usiku kwa mwalimu, na kila nyumba ina jina lake kwa paka huyo. Sisi tuliolelewa kwenye madrasa tunajua kwamba paka ni mzungukaji wa majumba na mabaki yake hayana najisi. Uzuri wa desturi hiyo siupingi hata kidogo. Lakini ukianza kumpa dawa paka wa namna hiyo, waambie wenzako. Wawili wenye huruma, kila mmoja na chupa yake, wanaweza kumuua kwa wiki moja. Mchague mmoja wa kutoa dawa, muda uleule, na wengine muwe na kazi ya kuangalia: leo amepanda? Amekula? Ametapika? Na kama paka haji kwa wakati unaojulikana, basi msitumie dawa ya kila siku. Wekeni vikreti, sahani chini, mahali pa joto, na mzungumze na daktari kuhusu sindano.

Kuna siku, pia, ambapo yote haya hayatoshi. Paka hainuki, anajichafua alipolala, hataki kuguswa, na hata kula kule tulikokutegemea kumekoma. Daktari anaweza kumlaza kwa sindano asiamke tena. Najua wengi wetu hatulipendi wazo hilo, wengine kwa dini, wengine kwa moyo. Silazimishi. Nasema tu kwamba kumwacha paka wiki tatu chini ya ngazi akimaliza mwenyewe nako ni uamuzi umeufanya, na ni vyema uufanye ukiwa umezungumza na mtu anayejua.

Mwisho ni safari ya daktari yenyewe. Hospitali za wanyama za vyuo, kama Sokoine kule Morogoro na Kabete kule Nairobi, hupokea paka, na miji mingi ina daktari binafsi au ofisi ya mifugo. Usimbebe kwenye mfuko wa rambo. Tumia kapu lenye kifuniko au boksi lenye matundu, weka ndani kitambaa anacholalia, na liache wazi nyumbani siku mbili tatu kabla ili alizoee. Halafu fanya hivi: kabla hujaondoka, chukua simu, mrekodi paka wako akipanda na kushuka pale anapopenda kukaa, akitembea, akigeuka kujilamba. Mbele ya daktari, kwa woga, atajikunja kwenye kona ya meza na hatatembea hata hatua moja, na mguu wowote utakaokunjwa ataukaza, mzima na mbovu. Daktari akikuuliza kama anakula, mjibu kwamba anakula, kisha mwonyeshe ile video.